Tuisheni ya advansi Chikongola: kwa kalkulasi ticha yuko vizuri sana

Wale wa kidato cha tano na sita mnaosoma komb (michepuo) za hesabu hapa Mtwara mjini na mnatafuta tuisheni, kuna hii ya maeneo ya Chikongola, mi nasoma hapo na kiukweli ticha anakijua anachofundisha. Kule nilikoanzia tulikuwa tunaambiwa ukiona fankisheni, difarenshieti haraka (yaani tafuta derivativu, fomula ya mteremko wa grafu), weka sawa na sifuri, chora grafu, basi. Huyu hapana, kwake kwanza domeni, yaani thamani za x zinazokubalika, kama hujaandika domeni hata daftari lako haliangalii.

Juzi katupa y = x√(4 − x). Darasa zima mbio kwenye derivativu, akatuzuia, akauliza ndani ya kipeuo hasi inakubalika? Kwa namba halisi haikubaliki, kwa hiyo x haizidi 4, akapiga mstari wima wa chaki nyekundu pale kwenye 4 akafuta upande wote wa kulia, akasema huku hakuna kitu, msiniletee jibu lolote la kutoka huku. Ndo tukaendelea sasa, derivativu inatoka (8 − 3x) gawanya kwa 2√(4 − x), juu ikiwa sifuri x ni 8/3, hicho ndo kilele, y kama 3.08 hivi. Chini ikiwa sifuri x ni 4, hii wengi wanaipita tu, kumbe pale grafu inatua kwenye mhimili wa x ikiwa imesimama wima kabisa, tanjenti yake ni ule ule mstari mwekundu. Sasa utamu uko kwenye derivativu ya pili, ile inayoonyesha grafu inapinda vipi, juu inabaki 3x − 16, ukiweka sawa na sifuri unapata 16/3, watu tayari washaandika infleksheni, yaani pointi ambapo grafu inabadili upande wa kupinda, ticha akanyoosha kidole kule alikofuta. 16/3 imezidi 4, haipo! Grafu inapinda kuelekea chini mwanzo mwisho. Yaani mark ngapi watu wanaziacha hapo.

Ada 20,000 kwa mwezi, na wazazi wakulima anawasubiri mpaka hela ya korosho itoke, kwa hilo nampa heko kubwa. Tatizo chumba kidogo afu mchana joto kali mno, feni moja tu, ukichelewa unakaa kona ya dirishani ubao unang'aa huoni kitu, so wahini. Takwimu na vekta sijaona tofauti sana na shuleni. Pindi la kalkulasi ni Jumamosi asubuhi.