Big Pit, Blaenavon: ziara ya mgodini inayokufanya uujue upepo

Big Pit ni mgodi wa makaa ya mawe ulioko Blaenavon, kusini mwa Wales. Ulifungwa mwaka 1980, ukafunguliwa kwa wageni mwaka 1983, na tangu mwaka 2000 mandhari yote ya viwanda ya Blaenavon imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwetu ni Kyela, si mbali na Kiwira ambako makaa yalichimbwa chini ya ardhi, nami nilikua nikisikia habari za mgodi bila kuteremka humo hata mara moja. Kwa hiyo niliiendea ziara hii kwa shauku kubwa, nikiwa na mwanangu wa miaka tisa.

Kabla ya kuteremka, mgeni huacha juu saa, simu, kiberiti na kitu chochote chenye betri, kwa sababu mahali hapa bado panasimamiwa kwa sheria za migodi ya makaa, na cheche moja inatosha kuwasha methani, gesi itokayo kwenye makaa, pale inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kisha hupewa kofia ngumu, taa, betri na kifaa cha kujiokolea cha kufungwa kiunoni, vyote pamoja vikiwa na uzito wa kilo 5 hivi. Kifaa hicho hakitoi oksijeni. Kazi yake ni kuigeuza kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayobaki baada ya moto au mlipuko, ili mchimbaji apate muda wa kufika penye hewa safi. Lifti ya mgodini hushuka mita 90, na anayekuongoza huko chini ni mtu aliyewahi kuifanya kazi yenyewe. Hilo peke yake lilitosha kunifanya niiamini ziara hii.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni mlango wa hewa. Ni mlango wa mbao, mzito, uliozuia njia nzima kama mlango wa ghala. Kiongozi wetu alipousukuma ukaachia nafasi kidogo, upepo ulitupiga usoni, vumbi likainuka mbele ya taa zetu, na mwanangu akauliza, "Baba, upepo huu unatoka wapi na tuko chini ya mlima?" Swali hilo ndilo somo zima la uingizaji hewa. Mgodi huwa na mashimo mawili: hewa safi huingia kwa moja, hupitishwa kwenye njia zote hadi mahali watu wanapochimba, kisha huvutwa nje kwa lile la pili, zamani kwa joto la tanuru lililowashwa chini ya shimo, baadaye kwa feni kubwa. Milango ndiyo inayoilazimisha hewa ifuate njia ndefu badala ya kukata mkato, na kwa sababu hiyo kwa kawaida hujengwa miwili miwili, mmoja ukifunguliwa mwingine ubaki umefungwa.

Watoto ndio walioketi gizani siku nzima kufungua na kufunga milango hiyo, mpaka sheria ya mwaka 1842 ilipopiga marufuku wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Tulipoambiwa tuzime taa, nilishika mkono wa mwanangu bila kuuona. Angekuwa bado hajafikisha umri wa sheria hiyo.

Hata hayo mashimo mawili yalinunuliwa kwa roho za watu. Januari 1862, huko Hartley, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, boriti ya mashine ya kuvuta maji ilikatika ikaangukia ndani ya shimo pekee la mgodi na kuliziba, na watu 204 wakafa. Mwaka huohuo sheria ikaagiza njia mbili za kutokea.

Ziara huchukua kama dakika 50, na kwa anayetaka kuelewa zaidi muda huo ni mfupi. Nawashauri wageni wamuulize kiongozi kuhusu ardhi iliyo juu ya vichwa vyao, kwa kuwa uwazi uleule unaohitaji hewa ndio unaoifanya ardhi ididimie. Makaa yakiondolewa kwenye ukuta mrefu wa uchimbaji, yaani uso mpana wa makaa unaokatwa mfululizo, paa la nyuma yake huachwa liporomoke, na mporomoko huo hupanda tabaka kwa tabaka hadi juu. Mahali palipochimbwa kwa upana wa kutosha, uso wa ardhi waweza kushuka hadi asilimia 90 ya unene wa makaa yaliyotolewa. Nao haushuki juu ya mgodi tu: kwa kanuni iliyozoeleka Uingereza, athari huenea pembeni kwa kiasi cha asilimia 70 ya kina, yaani athari za mgodi wenye kina cha mita 500 zaweza kufika hadi mita 350 nje ya mpaka wake. Pembezoni ardhi huvutwa ikatoa nyufa, katikati hubanwa. Kudidimia kwa namna hii huisha mapema. Kunakotisha ni kwa machimbo ya zamani yaliyoachiwa nguzo za makaa za kushikilia paa, ambazo zaweza kukatika miaka 100 baada ya wachimbaji kuondoka.

Feni ikizimwa, gesi nayo haikomi. Huko Gorebridge, Scotland, kaboni dioksidi kutoka machimbo ya zamani iliingia majumbani mwaka 2013 na 2014, wakazi wakaugua, na nyumba 64 zikabomolewa.

Viongozi wanaeleza kwa Kiingereza cha lafudhi ya Wales, kwa hiyo simama karibu nao. Vaa viatu vya kufunika mguu na nguo ya joto, maana chini kuna baridi na maji, na mtoto asiyefika mita moja kwa kimo haruhusiwi kuteremka. Ukishapanda juu, usikimbilie gari. Pita kwanza kwenye bafu za wachimbaji zilizojengwa mwaka 1939, ambako makabati yao ya nguo bado yamesimama safu kwa safu.