Benki wanasema wamenirudishia "hela yote", mbona laki mbili yangu haipo

Naandika nikiwa bado na hasira, na najua wengi tunatumia kadi ya hii benki tukisafiri, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho. Jina lao silitaji kwa sasa maana malalamiko yangu bado yako mezani kwao.

Ilikuwa kuelekea mwisho wa 2024, niko Dubai pale Deira nafuata mzigo. Nikaingiza kadi kwenye ATM kutoa dirhamu 2,000, mashine ikaniuliza kama nataka nikatwe kwa shilingi, nikakataa, maana hiyo reti ya mashine ni ya kukamua watu, nikachagua dirhamu. Ikahangaika wee, ikaandika samahani, kadi ikatoka, hela haikutoka. Hata noti moja. Na hapo hapo meseji ikaingia kwamba nimekatwa milioni moja na laki tano na ushee.

Kurudi Dar nikaenda tawini na kile kikaratasi cha mashine, nikajaza fomu ya kupinga muamala. Wakaniambia nisubiri, benki ya kule lazima ikague mahesabu ya mashine yake ndo ijibu. Kwenye kusubiri sina ugomvi nao, kadi za nje ndivyo zilivyo, ombi linapita kwenye mtandao wa kadi linaenda linarudi. Nikavumilia. Na nikashinda, kule walikubali kwamba hela ilibaki kwenye mashine. Meseji ikaja eti muamala wako umerejeshwa, nafungua app nakuta milioni moja na laki tatu.

Nilidhani nyingine inakuja. Wapi! Nikaenda tawini, kaka wa kaunta hata skrini hajaitazama ananiambia kwa sauti watu wote wakisikia, "Dada, hela yako si imerudi? Shukuru, wenzako hawapati kabisa." Nikamwambia hapana, imepungua laki mbili na kitu. Akasema dola imeshuka, wao hawapangi bei ya dola. Nikamuuliza sasa hiyo dola niliinunua saa ngapi mimi wakati sikupewa chochote? Akaita anayefuata. Yaani kamuita mtu wa nyuma yangu mimi bado nimesimama na stetimenti mkononi. Nilitetemeka jamani.

Ngoja nieleze hili la dola maana ndo kiini cha mambo. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu zamani, dola moja ni dirhamu 3.6725, haichezi. Kwa hiyo dirhamu 2,000 zangu zilikuwa kama dola 545 siku ya kukatwa na zilikuwa dola 545 zile zile siku ya kurudi. Kilichocheza ni shilingi. Nilipokatwa dola ilikuwa 2,700 na kitu, Desemba shilingi yetu ikapanda kwa kasi, dola ikawa kwenye 2,400 hivi. Hesabu yao ilivyo, siku ya kwanza walininunulia dola bei ya juu, wakaongeza na asilimia yao ya muamala wa nje, halafu siku ya kurudisha wakazibadilisha kwa reti ya siku hiyo ambayo iko chini. Mimi nimekaa katikati naliwa huku na huku.

Wanakwambia dola ingepanda ungepata faida. Hayo wamwambie mtu aliyenunua kiatu akakirudisha dukani, huyo alinunua kweli, biashara ilifanyika, akabadili mawazo. Mimi sikupata hela! Hakuna kilichofanyika zaidi ya mashine kukosea, sasa iweje nibebe hasara ya soko kwa dola ambazo hazikuwahi kushikwa na mkono wangu? Kurejesha muamala ulioshindikana ni kuirudisha akaunti ilivyokuwa, shilingi kwa shilingi. Na ada ya kutoa hela nje nayo walikuwa wameibakisha, ada ya huduma ambayo sikuipata!

Nilikuwa nimeshaamua niandike tu msifungue akaunti huko, kimbieni. Lakini niwe mkweli, kuna dada mmoja wa kitengo cha kadi makao makuu, nilimpata baada ya kupiga simu mpaka nikachoka, alinisikiliza mpaka mwisho, akanitumia kwa imeili reti zote mbili walizotumia, akafuatilia na ada ikarudi. Dada yule Mungu ambariki, angekuwa yeye kaunta pale nisingekuwa hata naandika hapa. Kadi yenyewe hapa nyumbani haijawahi kunisumbua, kulipia supamaketi, kununua vitu mtandaoni, safi kabisa. Kwa hiyo nikasema labda ni benki nzuri yenye mtu mmoja mbovu.

Ila kila nikiangalia hizo reti mbili kwenye imeili hasira inarudi upya. Laki mbili ni nauli ya mzigo jamani, ni ada ya mtoto. Na yule kaka hakujitungia, meneja naye alinipa jibu lile lile, tofauti ni kwamba yeye alinikaribisha kiti. Basi ni utaratibu wao.

Yakikukuta, kikaratasi cha ATM usikitupe, na kwenye fomu andika kabisa unadai kiasi cha shilingi ulichokatwa pamoja na makato yote, usiandike dirhamu au dola peke yake. Reti waombe kwa maandishi. Visa na Mastercard wana kikokotoo mtandaoni, unaweka tarehe unaona reti yao ya siku hiyo, ukilinganisha na stetimenti unajua benki imeongeza ngapi. Benki ikikukatalia, Benki Kuu (BoT) wana dawati la malalamiko, ila lazima uwe umeanza kulalamika kwa benki yenyewe kwanza na uwe na ushahidi wa majibu yao.

Mimi barua yangu ya malalamiko benki wameipokea na mhuri wamegonga. Wakinijibu vile vile naipeleka BoT, na safari ijayo Deira naenda na dola zangu mkononi.