Kitabu cha nzi: kipimo kizuri kinachodai mwanga

Kitabu cha kupimia uwezo wa kuona kina, yaani kutambua kwa macho mawili kilicho karibu na kilicho mbali, kile chenye picha ya nzi mkubwa, kimekaa mezani kwangu kwa miaka minne, na kwa upande wa watoto sijapata kifaa ninachokipenda zaidi. Mtoto huvaa miwani ya polaroidi, inayolipa kila jicho picha yake, na kuombwa ashike mabawa ya nzi, na yule ambaye macho yake yanashirikiana hubana vidole hewani, juu ya ukurasa. Wapo wanaorudisha mkono kwa woga; hao sihitaji kuwauliza mara mbili. Kisha huja makundi tisa ya maduara manne manne, ambamo moja tu huelea: kundi la kwanza ni la sekunde 800 za tao (kipimo cha pembe; namba ikiwa ndogo, uwezo ni mkubwa), la mwisho ni la 40, kitabu kikiwa sentimita 40 kutoka machoni.

Kasoro yake ya kale ni kwamba katika makundi ya mwanzo duara linaloelea limesogea pembeni kidogo, hata anayetumia jicho moja aweza kulibahatisha. Mimi hukipindua kitabu juu chini, ambapo duara hilo hupaswa kuonekana limezama.

Linalonisumbua zaidi ni mwanga. Miwani yenyewe humeza nusu yake au zaidi, hivyo chumba ambacho mpimaji anakiona cha kawaida, kwa mpimwa kimeshaingia jioni. Na giza likizidi, mboni hutanuka, taswira hupoteza ukali, na tofauti ndogo baina ya picha za macho mawili hazitambuliki tena. Nilimpima binti wa miaka minane umeme ukiwa umekatika, kwa taa ndogo ya kuchaji, akaishia sekunde 100. Kesho yake asubuhi, kando ya dirisha, alifika 60. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumwandikia rufaa. Kuongeza taa ovyo nako hakusaidii, kwa kuwa kurasa hung'aa na mng'ao hufuta picha, hasa taa ikiwa mbele ya mtoto.

Kipimo kingine cha kuona kina, cha Frisby, chenye vibao angavu vya unene wa milimita 6, 3 na 1.5, hakihitaji miwani, kwa hiyo hakipotezi mwanga huo. Ila mtoto akitikisa kichwa, jibu hujifichua lenyewe. Kwa watoto wasiotulia, ningenunua tena kitabu cha nzi, pamoja na kipimamwanga cha bei nafuu, maana siku hizi kwenye faili siandiki sekunde bila kuandika luksi, yaani kiasi cha mwanga, kando yake.