Kugawa kiwanja cha urithi Isamilo: maoni yangu kuhusu kampuni iliyotufanyia kazi

Kiwanja tulichoachiwa na wazazi wetu Isamilo, jijini Mwanza, kina nyumba ya zamani ya mawe upande wa mbele na mteremko wenye majabali upande wa nyuma, na sisi warithi tulikubaliana kigawanywe ili pawe na hati mbili. Kazi hiyo tuliikabidhi kampuni binafsi ya upimaji na mipangomiji ambayo siitaji jina, kwa kuwa nina sifa zake na malalamiko pia. Kwa utaalamu naipa alama za juu; kwa uwazi wa gharama, alama za chini kabisa.

Kilichoniridhisha mapema ni kwamba mtaalamu wao wa mipangomiji alikataa kuchora chochote kabla ya kufika kiwanjani. Wapo wanaopokea nakala ya hati, wakapiga mstari katikati wakiwa ofisini, na maombi yakarudishwa baada ya muda mrefu. Huyu alikuja na mpima, wakatafuta bikoni za awali, yaani alama za mpaka, na moja wakaifukua chini ya mizizi ya mwembe: chuma kilichoshikwa na zege, namba yake ikasomeka baada ya kusuguliwa kwa brashi ya waya. Hapo ndipo ilipobainika kuwa ua wa michongoma ambao familia nzima iliuhesabu kuwa mpaka umo ndani ya kiwanja chetu.

Baada ya kupima, alitueleza bila kuzunguka kwamba nusu kwa nusu haiwezekani. Kipande cha nyuma kingekosa njia ya gari, na shimo la majitaka la nyumba ya zamani lingebaki kwenye ardhi ya mwenzetu. Zaidi ya hayo, kiwanja chetu kilipimwa kama cha ujazo mdogo, yaani daraja la viwanja vikubwa vyenye nyumba chache, kwa hiyo kipande kimojawapo kingekuwa chini ya ukubwa unaotakiwa kwa daraja hilo, na maombi yetu yasingekuwa ya kugawa tu bali pia ya kulegezewa kiwango, jambo ambalo halmashauri hailazimiki kulikubali. Alipendekeza mstari unaopinda kando ya jabali kubwa, ukiacha njia pembeni na kulibakiza shimo upande wa nyumba, kisha akaandika maelezo ya sababu za kila mpindo kwa lugha ambayo hata shangazi yetu, asiyependa makaratasi, aliielewa na kutia sahihi. Naamini maelezo hayo ndiyo yaliyoyabeba maombi yetu mbele ya kamati ya mipangomiji.

Kuhusu ukale wa nyumba, walitusaidia kutenganisha sheria na uvumi. Mtaani inasemwa kwamba nyumba yoyote ya enzi za Wajerumani haiguswi. Hata hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ilhali mji wa Mwanza ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892, hivyo jengo la hapa huhitaji kutangazwa rasmi ndipo lipate ulinzi huo. (Binafsi naona mwaka huo wa 1863 unaiacha miji mingi ya bara mikono mitupu.) Pamoja na hayo walishauri mpaka mpya usiisogelee baraza ya mbele, na tulikubali kwa hiari.

Mwenye kiwanja kinachogusa ziwa, kwa mfano Capri Point, awaulize pia kuhusu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa sababu kipande kinachoangukia humo kitapata hati isiyojengeka.

Sasa malalamiko. Tulipewa bei moja ya jumla, nasi tukadhani imejumuisha kila kitu, kumbe ada za serikali zilikuwa nje na zikaja moja moja, kila moja na namba yake ya malipo. Ada zenyewe ni halali na stakabadhi zake tunazo. Kosa ni la kampuni kutozitaja tangu mwanzo, hali inazifahamu fika. Vilevile, faili lilipokuwa likisubiri kikao cha kamati, mhudumu wao wa simu alirudia kusema "linashughulikiwa", na habari ya kikao tuliipata wenyewe kwenye kaunta ya halmashauri. Kuchelewa kwenyewe siwalaumu nako.

Kwa kiwanja cha mlimani, chenye mawe na nyumba kuukuu, ningewapa kazi tena, lakini kabla ya kusaini ningedai mkataba utenganishe malipo yao na ada za serikali, na umtaje mtumishi atakayefuatilia faili hadi hati ya zamani irejeshwe na mpya mbili zitolewe. Kwa kiwanja tambarare kisicho na utata, sioni sababu ya kulipa bei yao.