Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga: mzigo uliochelewa miaka 34

Nimechambua barua posta miaka 29 kabla ya kustaafu, kwa hiyo mnisamehe nikiyatazama makumbusho kwa jicho la mtu wa rejista na mihuri. Kalenga nilikwenda kwa sababu ya barua moja tu, na nitaieleza. Kwanza safari.

Kutoka Iringa mjini ni kama kilomita 15, barabara ile ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Daladala zipo. Mimi na mjukuu wangu wa kidato cha pili tuliponzwa na haraka, tukakodi bajaji. Ilizima mara mbili, mara ya pili kwenye mlima, na tulipofika dereva akadai nyongeza eti "mzee, safari imekuwa ndefu." Imekuwa ndefu kwa sababu tumeisukuma! Pandeni daladala.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Ukiingia na soda mkononi unaweza kumaliza kuzunguka kabla haijapata joto, na ukifanya hivyo utakuwa umepoteza nauli yako. Mikuki ipo, ngao zipo, marungu yapo. Kijana aliyetupokea alinipa shikamoo, nami nikamrudishia "kamwene" yangu ya Kihehe cha kuokoteza, akacheka, na tangu hapo akatutembeza kama wageni wa nyumbani kwao. Hakusoma kutoka kwenye karatasi. Alipofika kwenye vita vya Lugalo vya 17 Agosti 1891 alionyesha kwa mikono jinsi Wahehe walivyojificha vichakani wakaliacha jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski liingie kwanza, ndipo wakaliangukia. Zelewski ndiye waliyempa jina la Nyundo. Nyundo akafa siku hiyo pamoja na askari wake wengi, bunduki zikabaki kwa Wahehe.

Halafu kuna fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Limo ndani ya kasha la kioo, na ni dogo kuliko nilivyotegemea. Mjukuu wangu, ambaye njia nzima alikuwa na simu, aliiweka mfukoni bila kuambiwa.

Hadithi ya Mkwawa wengi tuliimeza shuleni: Wajerumani waliibomoa ngome ya Kalenga 30 Oktoba 1894, yeye akaingia porini na kuwahangaisha karibu miaka minne, kichwa chake kikatangaziwa rupia 5,000, mwisho akajipiga risasi kule Mlambalasi 19 Julai 1898 ili asikamatwe hai. Sajini Merkl alipoikuta maiti akaamuru kichwa kikatwe. Ninachokumbuka mimi ni kwamba mwalimu aliishia hapo, kengele ikalia. Lakini kwa mtu wa posta hapo ndipo mambo yanapoanza.

Novemba 1918, vita kuu imekwisha hivi punde, Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza wa nchi hii, aliandika barua London. Alishauri kwamba katika mapatano ya amani Wajerumani watakiwe kurudisha kichwa cha Mkwawa, kwa kuwa Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani. Hebu fikiria makarani wa London wanaifungua bahasha hiyo. Ulaya nzima wanagombania migodi, meli na mipaka, na huku kuna mtu anaulizia fuvu la Uhehe. Wangeweza kuitupa kapuni. Hawakuitupa. Mkataba wa Versailles uliotiwa saini 28 Juni 1919 una Kifungu cha 246, na humo imeandikwa kwamba Ujerumani itakabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Kifungu hichohicho kinadai pia Kurani ya Khalifa Othman iliyotolewa Madina irudishwe kwa Mfalme wa Hejaz. Nilikuwa nimekihifadhi kwenye simu, nikakisoma palepale mbele ya kioo, kwa sauti, nikikitafsiri nusunusu. Mgeni mwingine aliyekuwa mlangoni alivua kofia. Sijui kama ni kwa ajili ya fuvu au ya Kiingereza changu.

Mkataba ulianza kutumika Januari 1920. Kwa hiyo mzigo ulitakiwa ufike kabla ya Julai kwisha mwaka huohuo. Wajerumani wakasema hawanao. Waingereza nao wakachoka kuutafuta. Faili likalala.

Aliyeliamsha ni Gavana Edward Twining, na hapa ndipo nilimheshimu, ukoloni wake nikauweka pembeni kwa dakika tano. Mwaka 1953 alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen. Huko akakuta mafuvu 2,000, na 84 kati yake yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sisi posta tulikuwa na chumba cha barua zilizokosa anwani, na kazi yake ni ya kubahatisha kwa akili: unaangalia mwandiko, stempu, harufu ya karatasi. Twining alifanya kazi hiyohiyo. Alitenga mafuvu ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na katika hayo akachukua lile moja lenye tundu la risasi. Wapo wasomi wanaotilia shaka kama ndilo. Nilimuuliza kijana wetu, akanijibu kwa upole, "Mzee, sisi tulilizika shaka hilo." Mimi kama karani ningeandika pembeni kwa penseli: *imefikishwa kwa kukisia*. Lakini ningeifikisha.

Ushauri wangu kwa mnaokwenda: msipite kwa dakika kumi mkielekea kutazama simba. Kaeni na mwelekezaji, muulizeni maswali. Mkipata nafasi, siku hiyohiyo someni Kifungu cha 246 kabla ya kuingia, ni kifupi kuliko risiti ya luku. Watoto wa sekondari watafaidi zaidi, wadogo sana labda wataogopa. Natoa nyota 5. Bajaji, nyota 1, kwa sababu taa zake ziliwaka.

Wakati wa kutoka mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, kama ingekuwa rejista, nani alisaini kupokea?"

Chifu Adam Sapi, nikamwambia, mjukuu wa Mkwawa, mwaka 1954, huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Akauliza yuko wapi sasa. Nikamwonyesha kaburi, hapohapo nje.