Pikapu ya zamani ikimisi: ni umeme au mafuta?

Pikapu ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ikianza kumisi, yaani injini kukosa kuwaka sawasawa, mafundi wa Moshi hugawanyika: wapo wa plagi, zinazotoa cheche ya umeme, wapo wa kabureta. Mimi naanza na plagi, kwa sababu ya bei tu.

Ubovu wa umeme una mdundo. Injini inatetemeka hata gari likiwa limesimama, na bomba la moshi linapiga pu, pu, pu kwa mpangilio uleule. Silinda mbovu haijifichi: injini ikinguruma, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira (mkono mtupu utapigwa shoti). Mlio usipobadilika, umeipata. Badilishana plagi yake na ya silinda ya jirani. Tatizo likihama, nunua plagi; likibaki, kagua waya na kofia ya distribyuta (kigawa umeme kwa plagi). Gizani, waya uliopasuka huonekana ukirusha cheche. Vyote vikiwa vizima, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Mafuta hayana mdundo. Mjini gari linakwenda vizuri, kisha ukitoka Himo kupanda Marangu linasita, linavuta, linasita tena, kama linaomba ruhusa. Mara nyingi chujio limeziba au pampu imechoka. Anza na chujio.

Kinachopotosha ni plagi iliyolowa petroli. Watu hulaumu kabureta, kumbe huenda ni cheche iliyokosekana. Ila plagi zote nne zikitoka na masizi meusi makavu, lipeleke gari kwa fundi wa kabureta, hapo nanyamaza.