TAHADHARI: "Silika" feki za kabati la bunduki zinaleta kutu

Ndugu wenye bunduki za leseni, hasa mlioko Pwani kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Mtwara: jihadharini na wauzaji wa mtandaoni wa vikopo na vifuko vya "silika ya sefu" (chembe za kunyonya unyevu), vinavyoahidi kabati kavu miaka miwili bila kuguswa.

Hatari kubwa ni kopo lisilo na silika kabisa, bali kloridi ya kalsiamu, ile dawa ya kabati la nguo inayojaza maji chini ya kopo. Unyevu inavuta kweli, na ndiyo maana watu wanaiamini. Lakini ikishavuta inageuka maji ya chumvi. Kopo likipinduka na tone likafika kwenye mtutu, kutu itachimba chuma, haitabaki juujuu.

Kuitambua ni rahisi. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Chembe za silika hulia na kupasuka, ila haziyeyuki. Kloridi ya kalsiamu inayeyuka yote na glasi inapata joto.

Wengine wanauza silika halisi iliyokwisha kushiba unyevu. Pima gramu 100, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha pima tena. Ikishuka hadi gramu 80, gramu 20 zilikuwa maji uliyoyalipia. Chukua ya rangi ya chungwa. Ile ya bluu inayogeuka waridi ina kobalti, ambayo ni sumu. Usiishike kwa mikono mitupu wala usiikaushe kwenye oveni ya chakula.

Ahadi ya miaka miwili ni uongo kwa hesabu tu. Kabati la lita 300, hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, lina takriban gramu 7 za maji hewani. Kushuka hadi asilimia 50 ni kutoa karibu gramu 3. Kifuko cha gramu 50 kinabeba gramu 12 hivi, basi. Hewa ikibadilika mara nne, kimekwisha, na kabati lisilo na mpira mlangoni linabadilisha hewa hata usipolifungua. Bandika ukanda wa mpira kwenye fremu, ziba matundu ya bolti kwa silikoni, ndipo uweke nusu kilo hadi kilo moja ya silika. Bila kuziba, hata gunia halitoshi.

Usiamini pia kipima unyevu wanachokupa kama zawadi. Kifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, ibaki kama tope. Baada ya muda wa saa nane kisome 75. Kikisoma 60, kila namba uliyoiona kabatini ilikuwa pungufu. Lengo ni asilimia 40 hadi 50.

Kama kopo la chumvi limeshavujia bunduki, usikimbilie mafuta. Mafuta hayaondoi chumvi, yanaifunika. Hakikisha haina risasi, futa chuma kwa kitambaa chenye maji safi ya moto mara mbili tatu, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Ala ya ngozi iliyolowa usiirudishe kabatini.